Sauti inachelewa ukirekodi kwa Ardour? Anza na bafa

Unatumia Ardour, programu ya kurekodi muziki, kwenye Linux. Msanii anaimba, sauti yake inamrudia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa, naye anaanza kuburuta mpaka biti inamwacha. Kabla ya kulaumu maiki, piga hesabu.

Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu, na ukubwa wa fungu moja ndio bafa. Ligawe kwa idadi ya sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, kwa sekunde: 1024 kwa 48000 ni milisekunde 21. Sauti hupita angalau mafungu mawili kuingia na kutoka, kwa hiyo umeshafika 43, na mwimbaji yeyote ataisikia tofauti hiyo. Bafa ya 128 inakupa chini ya milisekunde 3 kwa fungu.

Kwenye dirisha la mipangilio ya sauti la Ardour chagua ALSA (mfumo wa sauti wa Linux), kadi yako ya USB, 48000, bafa 128, na mafungu 3. Kadi nyingi za USB hutulia zaidi kwa 3 kuliko 2. ALSA hutaka kadi iwe yake peke yake, basi funga kivinjari kwanza. YouTube iliyosahaulika nyuma inatosha kuizuia kadi isifunguke.

Ukishusha bafa, huenda sauti ikaanza kukwaruza na kukatika. Hiyo ndiyo xrun: prosesa haikumaliza fungu kwa wakati. Watu hukimbilia kununua kompyuta mpya, ilhali mara nyingi kinachokosekana ni ruhusa tu. Fungua terminal, uandike:

sudo usermod -aG audio $USER

Kisha hakikisha faili moja ndani ya /etc/security/limits.d/ lina mistari hii:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Toka kwenye akaunti na uingie upya, la sivyo hakuna kitakachobadilika. Zima Wi-Fi wakati wa kurekodi, maana madereva yake husababisha xrun nyingi. Zikibaki, panda hadi 256. Si aibu.

Kama kadi yako ina swichi ya kumpelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja, itumie, hata bafa kubwa haitamsumbua. Lakini ielekeze Ardour kwamba kazi ya kusikiliza inafanywa na kadi. Usipofanya hivyo atajisikia mara mbili, kama anayeimba ndani ya simtanki.

Vokali zikikaa nyuma ya biti hata baada ya hayo, unganisha waya kutoka tundu la kutokea hadi la kuingilia, zima maiki na spika, kisha tumia kipimo cha ucheleweshaji kilichomo kwenye dirisha lile lile. Usiburute vokali kwa mkono kila wimbo. Wanaotumia Audacity, programu nyingine ya kurekodi, wana namba yao ya kufidia ucheleweshaji kwenye mapendeleo: huanza na milisekunde -130, na karibu kila mashine inahitaji nyingine.

Ukifika kwenye miksi, rudisha bafa 1024. Hapo hakuna anayeimba, na plagini za mwangwi zinahitaji nafasi hiyo.