Kutoka Ziwani Hadi Magofu ya Kilwa

SWALI: Ndugu Mhariri, wanangu wawili wameshazoea Kisiwa cha Saanane, na pimbi wa pale hawawashangazi tena. Likizo ya Juni tunataka kwenda pwani, mahali penye historia na mazingira ya asili kwa pamoja. Tukiwa na siku 2, twende wapi, na tujiandae vipi? Mama wa Wawili, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Nendeni Kilwa Kisiwani, lakini katika siku hizo msihesabu safari, kwani Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko pekee ni takriban kilomita 300. Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Mtalipa kiingilio Masoko, mtapewa mwongozaji, kisha mtavuka kwa boti.

Jambo ambalo sisi wa ziwani hatukulizoea ni kupwa na kujaa. Saanane maji ya asubuhi ndiyo ya jioni, ilhali bahari hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku; wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti hupita mita 3. Kwa hiyo muulizeni nahodha tangu jioni, na akisema msubiri, subirini. Maji yakipwa, mizizi ya mikoko hubaki wazi juu ya tope, na hapo watoto wataona kaa wakikimbilia mashimoni.

Kwenye Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, wasogezeni watoto hadi ukutani bila kuwaruhusu kuupanda. Jiwe lake ni tumbawe, lenye vitundu vidogo vilivyoachwa na viumbe wa baharini, na chokaa iliyolishikisha ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Ndiyo maana nimewachagulia Kilwa: mji wenyewe ulichimbwa baharini. Mkiwa na nguvu, tembeeni hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mkaone bwawa lake la pembe 8.

Mwezi Juni mvua zimekwisha ila kusi huvuma. Maji yakiruhusu, vukeni asubuhi, na kila mtoto avae jaketi okozi kabla boti haijang'oa nanga.