Maswali ya Gereji: Fundi Akisema "Toa Tu", Chukua Ufunguo Wako

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya Mercedes, BMW na Land Rover zilizokula kilometa, na sababu naijua. Magari haya yameshuka bei hadi mpangaji wa Nyegezi, hapa Mwanza, anaweza kupaki moja nje ya chumba chake. Bei ya gari ndiyo iliyoshuka. Spea hazijapata taarifa.

Shikamoo mzee. Nina Mercedes E500 ya 2004, kilometa 260,000. Jioni naipaki ikiwa sawa, asubuhi naikuta imelala mbele kushoto. Nikiwasha inanyanyuka taratibu. Fundi anasema nitoe mfumo wa hewa wote niweke springi za kawaida. Nikubali? (Isamilo)

Marahaba. Usikubali kwanza. Fundi wako hajakwambia ugonjwa ni nini, amekwambia tu kazi anayoiweza. Gari linalolala kona moja usiku linavuja hewa kwenye kona hiyo. Mara nyingi ni mfuko wenyewe wa hewa, ule unaobeba gari mahali pa springi, mpira umechanika kwa uzee pale unapojikunja. Mara nyingine ni kiungio cha bomba juu ya mfuko, au vali zinazogawa hewa. Kupima hakuhitaji kompyuta. Liache gari lisimame kimo chake, kata usukani hadi mwisho ili uone ndani, pulizia maji ya sabuni kwenye mfuko, bomba na kiungio, halafu tulia uangalie. Panapovuja patatoa mapovu.

Lakini usikawie. Mfuko ukivuja, kompresa, yaani pampu inayoujaza hewa, inahangaika kila unapowasha gari, inapata moto, mwisho inaungua. Hapo ndipo mtu anaponunua kompresa mpya, anauacha mfuko uleule, na kompresa ya pili inafuata njia ya kwanza. Anza na mfuko. Ikibidi kubadilisha kompresa, badilisha na relei yake, swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, maana relei ikigandia kompresa haizimi.

Springi si dhambi; ziko seti zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo. Ninayoikataa ni springi ya gari lingine iliyokatwa kwa grainda. Utaona gari limeinua pua kama mtumbwi wa injini unaotoka Mwaloni.

Na kuna jambo hukuuliza. E500 ya mwaka huo ina breki za SBC, zinazopata presha kwenye pampu ya umeme. Fundi akiwa amefungua breki kubadilisha pedi, halafu mtu akafungua mlango tu, mfumo unaweza kuamka na kusukuma pistoni kwa nguvu ya kuvunja vidole. Lazima uzimwe kwanza kwa mashine ya kupimia. Muulize fundi wako kama analijua hilo kabla hajagusa nati ya tairi.

Mzee, taa ya injini imewaka. Tatizo ni nini? (Buzuruga)

Gari gani? La mwaka gani? Linamisi, linatoa moshi, linakosa nguvu? Nimeshaomba mara ngapi mniandikie haya? Taa hiyo inaweza kuwashwa na kifuniko cha tangi la mafuta kisichofunga vizuri, au na koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) iliyokufa. Nenda kapime, andika namba ya kosa, ndipo uniandikie. Na namba ya kosa si jina la spea ya kwenda kununua. Mashine ikilalamikia sensa ya oksijeni, huenda sensa inasema kweli tupu na bomba la hewa ndilo lililopasuka.

Naomba msaada kaka. BMW 523i ya 2007 inachemsha nikipanda Bugando. Fundi ametoa themostati, akasema huku kwetu joto haina kazi. Bado inachemsha. (Mkuyuni)

Ningekuwa na mamlaka, neno "haina kazi" lingepigwa marufuku gereji zote kuanzia Igoma hadi Pasiansi. Wajerumani hawakuweka kitu humo kwa ajili ya pambo.

Themostati inafanya kazi mbili. Injini ikipata joto inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji yako inazunguka humo ndani ikiwa ya moto. Fundi amekuongezea tatizo.

Sasa ya Mwanza yenyewe. Ziwa letu liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya sufuriani hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Injini yako, ikiwa nzima kabisa, kwa kawaida hutembea juu ya nyuzi 100. Kinachozuia maji yasichemke ni presha inayoshikwa na kifuniko cha tangi la kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini: kikishika bar 1, maji yanafika karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka. Kifuniko kikichoka, gari linachemsha huku rejeta ikiwa nzima. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huo, na ndiyo inayobadilishwa mwisho.

Baada ya kifuniko, pampu ya maji. Kwenye injini hiyo pampu haizungushwi na mkanda, ni ya umeme, nayo hufa bila kuaga. Hakikisha tangi lina kulanti ya kutosha, unganisha chaja ya betri, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la mwisho na fani chini kabisa, kanyaga mafuta hadi sakafuni kwa sekunde 10 kisha achia. Pampu itazunguka yenyewe dakika 12 ikitoa hewa kwenye mfumo. Inama usikilize. Ukisikia kimya, mgonjwa wako ndiye huyo. Rudisha themostati, nunua pampu, na bolti zake za alumini ziwe mpya. Zikishafungwa mara moja hazirudiwi.

Ukiona taa nyekundu ya joto, zima hapo hapo, hata kama ni katikati ya mlima na daladala wanakupigia honi. "Nifike tu nyumbani" imeua silinda hedi nyingi mjini hapa.

Naweza kuweka maji ya ziwa kwenye rejeta? (Ilemela)

Hapana. Wala ya kisima, wala ya bomba. Weka kulanti.

Mercedes E240 ya 2003, kilometa 310,000. Gia inaganda namba mbili, gari linakuwa zito. Nikizima na kuwasha linarudi sawa. Nimetafutiwa gia boksi ya mtumba. Ninunue? (Bukoba)

Rudisha mkono mfukoni. Kuganda namba mbili ni kompyuta inayojilinda baada ya kusoma kosa. Gia boksi iliyokufa kweli haiponi kwa kuzima na kuwasha.

Ubavuni mwa gia boksi hiyo kuna plagi ya waya yenye mipira midogo ya kuzuia oili. Mipira ikikauka, oili inapenya na kupanda ndani ya waya, taratibu, hadi inafika kwenye kompyuta ya gia. Chomoa soketi ya kompyuta, bonyeza tishu kwenye pini. Tishu ikitoka na oili, umeshapata pa kuanzia: plagi mpya, safisha pini na waya, mwaga oili, weka filta mpya. Kosa likirudi, fuata sahani ya umeme iliyo ndani, yenye sensa za mwendo. Yote hayo hayafikii bei ya gia boksi ambayo huijui imetoka kwenye gari la nani.

Angalia pia anayepima oili. Bomba la kupimia halina kijiti chake. Fundi huja na cha kwake, na kipimo kinasomwa oili ikiwa ya moto. Anayejaza kwa macho anajaza kupita kiasi.

Na wenye BMW mnaoambiwa oili ya gia ni ya maisha: ZF, wanaotengeneza nyingi ya gia boksi hizo, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Maisha yanayosemwa hapo ni ya nani?

Niliosha gari ufukweni pamoja na injini, sasa linamisi. (Kirumba)

Maji yameingia kwenye mashimo ya plagi. Chomoa koili, puliza kwa hewa, zikauke kabisa. Inayoendelea kumisi badilisha.

Halafu acha kuosha gari ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni, na ile oili inayoelea ndiyo maji wanayovuliwa sato wako. Kama unapenda usafi, fungua boneti utoe majani ya mwembe yaliyojaa chini ya kioo cha mbele. Yanaziba matundu ya kutolea maji, mvua inaingia ndani ya gari, kapeti linalowana na kompyuta zilizo chini yake zinaoza. Hilo halioshwi na mtu.

BMW yangu inatoa moshi wa bluu nikiondoka kwenye taa za barabarani. Nimeambiwa niweke oili nzito, 20W-50. (Nyakato)

Moshi unaokuja baada ya kusimama ukaondoka, mara nyingi ni sili za vali. Oili nzito itauficha kidogo, huku mfumo wa vali unaotegemea presha ya oili unachelewa kuitika. Weka oili iliyoandikwa kwenye kitabu, badilisha sili.

Mzee wangu, nimepata Land Rover Discovery 3 ya dizeli kutoka Uingereza, ya 2006, kilometa 190,000, bei karibu sawa na IST. Iko Mwanza. Niichukue? (Geita)

Jiulize kwa nini ni bei ya IST. Injini hiyo ya 2.7 ina mikanda miwili: wa taimingi mbele, na mdogo wa nyuma unaozungusha pampu ya dizeli. Kwa kilometa hizo na umri huo inatakiwa iwe imeshabadilishwa yote. Omba karatasi, usipokee maneno. Mkanda ukikatika, vali na pistoni zinagongana. Injini hizo pia zina historia ya kukata kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na hapo hakuna cha kutengeneza, ni kununua injini. Mfumo wake wa hewa unaumwa kama ule wa msomaji wa Isamilo. Jibu ni lilelile.

Pima kilometa kwa kompyuta, usisome dashibodi peke yake. Kisha liache lilale usiku kwenye uwanja tambarare, asubuhi liwashwe mbele yako likiwa la baridi. Muuzaji akiwa ameshaliwasha kabla hujafika, au akikataa lisipimwe, rudi Geita na hela zako. Daraja la Kigongo–Busisi lipo, siku hizi husubiri kivuko.