Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa

Dada, umesema cherehani uliyorithi kwa mama inajaza vifundo vya uzi chini ya kitambaa, na unauliza kama ununue nyingine. Usinunue kwanza. Vifundo vikiwa chini, mara nyingi kosa liko juu. Inua mguu unaobana kitambaa, vua uzi wote, kisha upitishe upya. Mguu ukiwa chini, visahani vinavyokaza uzi huwa vimebanana na uzi haupenyi katikati yake. Weka sindano mpya, safisha vumbi la nyuzi panapokaa bobini (kigurudumu chenye uzi wa chini), tia tone la mafuta ya cherehani (ya kupikia hapana, yanaganda!), ujaribu kwenye kitambaa chakavu. Unapoanza kushona, shika ncha zote mbili, ya uzi wa juu na ya uzi wa chini.

Kuhusu kazi ya kwanza, achana na gauni kwa sasa. Shona foronya ya mto wa kochi, isiyotaka zipu. Fua kitenge kwanza, maana pamba hurudi, kisha kipige pasi. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata kipande cha 42 kwa 100. Kunja pindo la sentimita 2 kwenye ncha mbili fupi, ushone. Laza uso juu, kunja ncha hizo zipandane kama sentimita 16, upana ubaki 40. Shona pande mbili zilizo wazi, kisha geuza. Mto unaingilia hapo zilipopandana.

Ukimaliza hiyo, nakuelekeza mfuko wa sokoni.