Mama alifungua chapati mezani London, kaka akaona haya

*Shikamoo shangazi. Desemba iliyopita kaka yangu alitukatia tiketi, mimi na mama, tukamtembelee London. Siku ya Krismasi treni na mabasi ya huko hayatembei, kwa hivyo tarehe 26, saa tano asubuhi, akatupeleka kwenye mkahawa anaoupenda kuliko yote, unaochanganya mapishi ya Kijapani na ya Peru. Nafasi aliiweka tangu Oktoba. Wakaleta samaki mbichi kwenye maji ya ndimu, kando yake kipande cha kiazi kitamu na punje kubwa za mahindi. Mama akaonja kidogo, akafungua mkoba, akatoa chapati alizompikia kaka usiku, zimefungwa kwa foili. Bili ilipokuja akaigeuza shilingi kwa sauti: karibu elfu 30! Kaka akamwambia mbele ya weita, "Mama, hapa si kijijini." Tangu siku hiyo hawasemezani, kila mmoja ananituma mimi. Kaka anakuja Aprili na mama ameapa hakanyagi uwanja wa ndege wa JKIA. Nani mwenye makosa, na nifanye nini? Kitindamimba, South B.*

Marahaba mwanangu.

Mwenye makosa ni kaka yako. Nakwambia mapema kwa sababu baadaye nitamtetea, na sitaki udhani nimesahau.

Mzazi haambiwi neno kama lile, tena mbele ya mtu baki. Lau angemfokea jikoni, wawili peke yao, yangeisha kabla ya chai ya jioni. Lakini weita alikuwa amesimama pale na mashine ya kadi mkononi. Hata kama hakujua Kiswahili, uso wa mama aliuona. Hilo ndilo lililomkaa mama kooni, akarudi nalo kwenye ndege zaidi ya saa nane nzima, na bado analo.

Sasa kaka. Mtu hawekei familia nafasi miezi miwili kabla ili ajionyeshe. Nina wanangu walio nje, najua jinsi kijana anayeishi peke yake ugenini anavyotafuta meza moja inayomzoea, ambako wanajua anakunywa nini. Alimpeleka mama kwenye meza hiyo. Mama aliposoma bili kwa shilingi (na bili za London mara nyingi huongezewa ada ya huduma ya asilimia 12.5), yeye alisikia zawadi yake ikirudishwa. Akaumia, akarusha neno.

Natamani angejua historia ya sahani ile anayoipenda. Mwaka 1899 meli iliwafikisha Wajapani wa kwanza Peru, wengi wao vibarua wa mashamba ya miwa. Walikuwa mbali na kwao, wakapika kwa kumbukumbu za nyumbani na kwa walichokikuta sokoni. Miaka hiyo hiyo reli ilikuwa ikijengwa huku kwetu, kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi Kisumu 1901, na maelfu ya Wahindi waliletwa kuijenga. Chapati ilienea bara pamoja na Wahindi, hata leo Krismasi ya Nairobi bila chapati haijawa Krismasi. Vyakula viwili vya watu waliokuwa mbali na nyumbani vilikutana juu ya meza moja, na kaka yako akaonea haya kimoja.

Halafu kile kiazi kitamu, mwanangu, kimeniuma. Kiazi na mahindi, vitu ambavyo mama amevilima maisha yake yote, vilikuwa mbele yake kwenye sahani ya kigeni, na hakuna kati yenu aliyemwambia, "Mama, hebu onja hiki, linganisha na cha shambani kwako." Wewe pia ulikuwapo.

Kwanza, acha kubeba maneno. Kaka akikutuma tena, mjibu, "Namba ya mama unayo." Apige simu mwenyewe, asiandike kwenye kikundi cha WhatsApp ambako shangazi na wajomba wote wanasoma. Alitaje neno lile lile: "Mama, nilikwambia hapa si kijijini. Nilikukosea, nisamehe." Asiseme "kama nilikukosea." Na asitangulize M-Pesa, pesa zikifika kabla ya msamaha, mama ataona ananunuliwa.

Mama usimhubirie. Kaa naye anapochambua mboga, umwambie kitu kimoja tu, kwamba nafasi ile iliwekwa tangu Oktoba. Kisha endelea kuchambua. Akinyamaza, mwache anyamaze.

Kaka akishafika, mtoke tena pamoja, safari hii mama achague. Akitaka nyama choma, iwe nyama choma. Akitaka kuona mchanganyiko wa hapa kwetu, mpelekeni Diamond Plaza kule Parklands, ale bhajia na chochote kitakachomvutia. Bili alipe kaka, na mama aisome kwa sauti akipenda.

JKIA usimlazimishe. Lakini asubuhi hiyo mwombe akukandie unga, uende na chapati zikiwa moto ndani ya foili. Akiuliza ni za nani, mwambie. Huenda akavaa viatu. Asipovaa, nenda nazo wewe, umpe kaka azile garini kabla hamjaingia Mombasa Road, na ampigie mama simu mdomo ukiwa bado na chapati.