Muulize Mama Viazi: Je, simu itamwondoa dalali?

SWALI: Shikamoo mama. Nalima viazi mviringo hapa Isyonje, Rungwe. Kijana wangu anasoma chuo Mbeya mjini, ananiambia miaka michache ijayo dalali hatakuwepo, kila mkulima atauza Dar moja kwa moja kwa simu. Kweli tuna kundi la WhatsApp, bei ya soko la Mabibo, Dar, tunaipata kila asubuhi. Lakini msimu huu nimemuuzia dalali yule yule. Kijana anasema nimeachwa na wakati. Ndivyo?
Baba Wawili, Isyonje

JIBU: Marahaba, baba. Hujaachwa. Kijana wako anaiangalia simu, gunia halioni.

Nimepakia viazi pale Uyole mpaka magoti yakanikatalia, kwa hiyo hapa nazungumza la kwangu. Bei inayoingia kwenye simu yako asubuhi ni ya gunia. Gunia lipi? Linalotoka shambani kwako limejazwa mpaka mdomoni, halafu mpakiaji anaanza kupanga viazi juu kimoja kimoja, anasuka kamba kuvizunguka, anaongeza vingine, anasuka tena, mpaka kilemba kinasimama. Wewe unalipwa gunia moja. Likifika mjini linafumuliwa, viazi vinauzwa kwa sado, na kile kilemba kinakuwa faida ya mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Hiyo ndiyo lumbesa. Imepigwa marufuku miaka nenda rudi, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na bado tunaiona ikipita barabarani mchana kweupe. Nabashiri hivi: kijiji kitakachochangia mizani na kukataa kuuza kwa macho kitabadilika haraka kuliko kijiji chenye simu nyingi. Bila mizani, hiyo bei ya Mabibo ni umbea tu.

Kuna jingine ambalo hukuandika, ila nahisi nalijua. Hela ya mbegu na mbolea alikupa nani? Mikopo ya simu ipo, M-Pawa ya Vodacom imeanza tangu 2014, lakini mikopo ya namna hiyo hudaiwa ndani ya mwezi hivi. Kiazi kinakaa ardhini miezi mitatu hadi minne. Ujumbe wa deni unaingia shamba likiwa ndiyo kwanza linatoa maua! Dalali anasubiri mpaka uchimbe, na kwa kuwa alisubiri, bei anapanga yeye. Atakayemwondoa ni mkopeshaji mwenye subira kama yake.

Huyo naye naona atakuja, maana daftari lake limeshaanza kuandikwa. Tangu msimu wa 2022/23 wakulima tunasajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali ili tupate mbolea ya ruzuku. Benki ikiruhusiwa kuangalia nani ana ekari ngapi na amechukua mifuko mingapi, haitahitaji hati ya shamba ambayo wengi hatuna. Hofu yangu ni nani ataruhusiwa. Wakiwa wengi, watashindana na wewe utachagua. Akiwa mmoja, utakuwa umemwacha dalali wa pikipiki ukampata dalali wa kiyoyozi.

Na mkumbushe kijana kwamba siasa nayo ina mkono. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini baada ya nchi hizo kuzuia ya kwetu, kisha zuio likaondolewa baada ya siku chache. Julai mwaka huo huo raia wa kigeni wakakatazwa kununua mazao shambani. Hilo la pili wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza: mnunuzi mmoja akipungua langoni kwako, bei inapanda au inashuka?

SWALI: Mama, mimi ni tingo wa malori Tunduma, nimeweka akiba ninunue lori la mkono wa pili. Wenzangu wanasema TAZARA ikifufuka tumekwisha. Ninunue?
Tingo, Tunduma

JIBU: Subiri, mwanangu. Reli ile ya Dar hadi Zambia ina kilomita 1,860, na mwaka 2025 kampuni ya CCECC ya China ilipewa mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha. Ikifanya kazi ilivyoahidiwa, mzigo mzito wa shaba utakuwa wa kwanza kushuka kwenye malori. Dizeli ya Zambia nayo tangu 2023 inapita kwenye bomba la mafuta la TAZAMA. Malori hayatakwisha, kwa sababu TAZARA inaishia Kapiri Mposhi, Zambia, na shaba nyingine inatoka Kongo, mbali na hapo. Ila mwenye lori moja bovu la mkopo ndiye atakayeumia kwanza. Mwenye malori hamsini ataongea na reli wakagawana. Kama mkono unakuwasha, nunua Canter, kilori kidogo. Mahindi ya Mbozi hayatatembea yenyewe mpaka stesheni.

SWALI: Binti yangu anataka kusomea uhazili. Si hii akili mnemba inaandika barua yenyewe?
Mama Upendo, Mafinga

JIBU: Inaandika, tena Kiswahili chake si kibaya. Wale vijana wa steshenari wanaochapa barua za maombi kwa kurasa ndio ninaowaonea huruma. Lakini hati ya kiwanja ikikosewa mpaka, baraza la ardhi litamwita mtu mwenye jina na sahihi yake, na atatakiwa kuonyesha faili la tangu mwanzo. Asomee utunzaji wa kumbukumbu, uchapaji uwe wa nyongeza. Na kabla hujalipa ada, nenda chuoni ukaulize kompyuta ngapi zinawaka.