Swali la Lugha: Imeunganishwa "na" Transfoma au "kwa" Transfoma?

Msomaji wetu, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi, anauliza kama ni sahihi kuwaandikia wanafunzi wake: "Hatua ya kwanza ya amplifaya imeunganishwa na ya pili na transfoma." (Amplifaya ni kifaa cha kukuza ishara ya umeme; transfoma ni koili mbili za waya katika kiini kimoja cha chuma.)

Mwalimu, andika "kwa transfoma". Katika kauli ya kutendwa, "na" humtangulia mtenda na "kwa" hutangulia kifaa: "ukuta umebomolewa na fundi kwa nyundo". Ni kweli kwamba kisicho na uhai nacho huweza kuwa mtenda, ndiyo maana twasema "paa limeezuliwa na upepo", na hivyo "hatua hizi mbili zimeunganishwa na transfoma" haina kosa. Tatizo la sentensi yako ni kwamba "na" imekuja mara mbili kwa kazi mbili. Asiyeujua mchoro atadhani hatua ya kwanza imeungwa na vitu viwili, yaani hatua ya pili na transfoma.

Linalonishughulisha zaidi ni kitenzi kinachofuata katika maelezo yako: "mkondo hupita kwenye transfoma hadi transista ya pili", yaani kijenzi kinachokuza ishara katika hatua ya pili. Sarufi yake ni nzuri, ila habari si ya kweli. Mkondo wa kolekta (mguu wa kutolea ishara) wa transista ya kwanza hupita katika koili ya kwanza na kubaki katika saketi yake. Ukipanda na kushuka, hubadilisha uga wa sumaku katika kiini cha chuma, na mabadiliko hayo ndiyo yanayozalisha volteji katika koili ya pili, inayolisha besi (mguu wa kuingizia ishara) ya transista inayofuata. Umeme wa betri usiobadilika hauvuki, na kwa sababu hiyo kila transista huwekewa volteji yake ya kufanyia kazi bila kuiathiri jirani. Kinachovuka ni ishara. Basi sema ishara "huhamishwa".

Vilevile, transfoma "huoanisha" impedansi (ukinzani dhidi ya mkondo unaobadilika, unaopimwa kwa omu), "hailinganishi", kwa kuwa kulinganisha ni kupima kipi kimezidi kingine. Koili ya kwanza ikiwa na mizunguko mara 10 ya koili ya pili, mzigo wa omu 8 uliounganishwa na koili ya pili huonekana kwa transista kama omu 800, kwani uwiano wa mizunguko huzidishwa kwa wenyewe (10 × 10), kisha kwa mzigo.

Ningeandika hivi: "Hatua ya kwanza imeunganishwa na ya pili kwa transfoma, ambayo huhamisha ishara, huzuia mkondo usiobadilika na huoanisha impedansi za hatua hizo mbili."