Mnaoanza wodi ya wazazi, uso wa mtoto msiupitie juujuu

Karibuni wapya. Mi niko wodini mwaka wa tisa sasa na kosa linalonisumbua mpaka leo lilikuwa la macho. Mtoto kazaliwa kadogo hivi ila analia vizuri, nikaandika yuko sawa nikahamia kitanda kingine. Wiki ya sita mama karudi, ananiambia sista huyu mwanangu haniangalii, kuwasha tochi nakuta mboni zote mbili nyeupe kama tui. Mtoto wa jicho. Vipimo vikaja, rubella, yaani kirusi cha vipele ambacho mama akikipata mimba ikiwa changa kinaweza kumharibu mtoto macho tumboni.

Sasa tatizo la rubella ni kwamba mama mwenyewe haumwi sana, vipele siku mbili tatu na kahoma kidogo, anasahau. Ukimuuliza "uliumwa ukiwa mjamzito?" atakwambia hapana na hadanganyi. Uliza hivi: mimba ikiwa changa, kuna mtoto pale nyumbani alitoka vipele? Huyu ndo akakumbuka mtoto wa dada yake. Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, aliligundua jambo hili mwaka 1941 kwa kufuatilia historia za kina mama wa watoto wenye macho kama hayo, so msione kuuliza ni kupoteza muda. Ukiona jicho jeupe au dogo kuliko mwenzake mwite dokta asikilize na moyo, na masikio yapimwe, maana vinakwenda pamoja.

Kichwa nacho, tepu ipite juu ya nyusi izunguke mpaka kisogoni palipotokeza, na urudie kesho yake maana kichwa cha kutoka leba kinakuwa kimebanwa. Wale watoto wa Zika, kirusi kinachoenezwa na mbu, wa Brazil 2015 uso ulionekana mkubwa kwa sababu kichwa kilikuwa kidogo, paji limelala nyuma, ngozi ya kichwa ina mikunjo (na hilo jina Zika ni la msitu hapo Uganda jamani, karibu na Entebbe, kirusi kilipatikana huko 1947). Mdomo sungura si alama ya rubella, msimtishe mama bure.

Na mkwe akianza habari za kulogwa mbele ya mzazi, mtoe nje kwa adabu kwanza, mama ndo aelezwe, taratibu, akiwa amekaa.

Halafu hiki hamkuambiwa chuoni: mtoto wa rubella anaweza kutoa kirusi mwaka mzima kwenye mate na mkojo. Kama una mimba na hujui kama una kinga, mwambie incharji akubadilishie kitanda.